Nani Anamgeuza Shujaa Kitandani?

Najua nimepotea, msinilaumu sana. Nilikwenda nyumbani Bariadi kuwasalimia wazee, nikajiapiza kwamba huko sitashika kalamu, nitakula michembe na kulala. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu Julai 25, 2025, na nisipolitoa litanipalia.

Siku hiyo ilikuwa ya Mashujaa. Nilikuwa nimekaa kwenye mgahawa karibu na stendi, mbele yangu chapati mbili na maharage, runinga iko juu ya friji. Mnajua inavyokuwa: mkuki na ngao, upinde na mishale, sime, shoka, shada la maua, tarumbeta, kisha watu kimya. Kijana mmoja wa meza ya jirani, msafi, tai shingoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika na kusema, "Nchi hii kwa kuenzi mashujaa hatujambo." Wenzake wakaitikia. Mimi chapati ikanishinda kumeza.

Maana mimi nimewahi kumuosha shujaa. Sisemi kwa mafumbo. Nimemuosha kwa beseni, kitambaa na sabuni ya mche. Nimembadilisha shuka alilolichafua, nikamlisha uji kwa kijiko, nikamshikia chupa ya mkojo huku yeye akitazama pembeni kwa aibu. Kwa hiyo nikisikia mtu wa tai anasema hatujambo kwa kuenzi, nina la kumwambia.

Wengi wenu mnanijua kwa hii kazi ya kuandika. Wachache mno wanajua kwamba kabla ya chuo cha uandishi nilikuwa mhudumu wa afya, na wasiojua hawana kosa, nilificha mwenyewe. Chuoni wenzangu waliponiuliza nilikuwa wapi baada ya shule nilisema "nilikuwa hospitali," nikaishia hapo, nikaacha wadhani nilikuwa maabara au mapokezi. Kwenye wasifu wangu wa kuombea kazi miezi ile kumi na minne haimo. Imeachwa wazi kama jino lililong'oka. Leo najiuliza, nilikuwa naona aibu ya nini? Ningekuwa nimetoka jela ningejieleza vizuri zaidi.

Kwa msiojua, mhudumu wa afya ndiye mtu wa ngazi ya chini kabisa wodini. Anatakiwa awe amemaliza kidato cha nne na kupata mafunzo ya mwaka mmoja. Si muuguzi. Wauguzi wana Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, wana Baraza lao, wana daftari la majina na leseni. Mhudumu hayumo humo. Wagonjwa lakini hawajui habari za mabaraza. Kwao kila anayevaa sare ni nesi, na akiwa mwanaume basi ni dokta. Mimi nilikuwa "dokta" wa kudeki. Bibi mmoja wa kutoka Itilima alikuwa akiniamkia yeye kwanza, kwa heshima kabisa, huku mimi nimeshika ndoo na dekio, nikatamani ardhi inimeze.

Ukisoma tangazo la ajira za kada hii utakuta majukumu yamepangwa vizuri: usafi wa wodi na vifaa, kuwaogesha na kuwalisha wasiojiweza, kupeleka sampuli maabara, kuchukua dawa stoo, kupeleka nguo chafu kufuliwa, kusukuma wagonjwa kwenda kupimwa. Ni sawa, ndiyo kazi yenyewe. Lakini tangazo halisemi kwamba yote hayo yanaangukia mikono ileile miwili kwa saa ileile moja. Unamwogesha mgonjwa, katikati ya sabuni inchaji anaita, damu ipelekwe maabara sasa hivi. Unakwenda. Unarudi, mgonjwa ana sabuni imemkaukia mgongoni. Unanawa, unavaa glavu nyingine kama zipo, unaendelea. Halafu mlango unagongwa, machela inahitajika. Halafu kuna aliyefariki kitanda cha dirishani, na hapo wote wanakutazama wewe, kwa sababu maiti haina mwenyewe wodini isipokuwa mhudumu. Mimi mtu wa kwanza kumfunga taya na kumnyoosha miguu nilikuwa na miaka kumi na tisa. Hakuna aliyeniuliza baadaye kama nimelala.

Mwaka huo ulikuwa 2017. Hospitali siitaji, iko mkoani Simiyu, na wala haikuwa mbaya kuliko nyingine. Tena waliokuwepo walijitahidi mno. Nilikuwa "najitolea." Neno hilo nalichukia hadi leo. Kujitolea ni kwenda kuzima moto wa jirani. Mtu anayepangiwa zamu, anayesaini daftari la kuingia na kutoka, anayepewa onyo akichelewa, huyo hajitolei. Huyo anafanya kazi bila kulipwa. Posho ilikuja pale ilipopatikana, na ilipopatikana ilitosha sabuni na nauli ya bodaboda ya wiki mbili.

Sasa kwa nini tulihitajika sana mwaka ule? Turudi nyuma kidogo, wengine mmesahau. Aprili 28, 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti, na watumishi wa umma 9,932 wakatajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Nchi nzima ikashangilia, na mimi nilishangilia, sitaki kudanganya. Kughushi ni kughushi. Ila katika msako huohuo wa uhakiki wakatoka na wengine ambao hawakughushi kitu: wa darasa la saba. Kulikuwa na waraka wa utumishi ulioanza kutumika Mei 20, 2004, kwamba sifa ya chini ya kuajiriwa serikalini ni kidato cha nne. Madereva, walinzi, wahudumu, walioingia na cheti cha la saba wakajikuta nje. Mwaka 2018 Serikali ikasema walioajiriwa kabla ya tarehe hiyo warejeshwe. Na mwaka 2022 ikaamua kwamba hata wale wa vyeti vya kughushi warudishiwe michango waliyokatwa kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii. Haya yote nayaandika kwa faida ya kumbukumbu, maana Bongo kwa kusahau tuna digrii.

Kwenye hospitali yetu kulikuwa na mama mmoja aliyenifundisha kazi. Nasema alinifundisha, kwa sababu mwaka wangu mzima wa mafunzo haukunifundisha nilichojifunza kwake kwa wiki tatu. Alinionyesha jinsi ya kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake: unamgeuzia upande mmoja, unakunja shuka chafu hadi mgongoni kwake, unatandaza safi nusu, unamgeuzia upande wa pili, unavuta. Mgonjwa hainuliwi, haumii, haoni baridi. Alinionyesha kupima joto la maji kwa kiwiko na si kwa vidole, maana vidole vya mfanyakazi vimezoea moto. Alinifundisha kumsemesha mtu aliyepoteza fahamu kwa jina lake kabla ya kumgusa. "Usimshike kama gunia," aliniambia. "Anasikia huyo."

Mama yule aliajiriwa mwaka 2006 na cheti chake cha darasa la saba, cha kweli, hajaghushi hata nukta. Waliomwajiri ndio walioujua waraka, si yeye. Akaondolewa. Tarehe ilimkuta upande mbaya, hakurudi. Leo anauza mchicha na nyanya pembeni ya barabara, na nikipita ananikatia fungu kubwa kuliko la wengine.

Nafasi yake ilijazwa na nani? Na mimi. Kijana wa miaka kumi na tisa, cheti safi, mshahara sifuri. Hesabu ikakaa sawa kwenye makaratasi.

Haya, nije kwa mzee.

Aliletwa Julai mwanzoni kutoka Meatu, kiharusi, upande wa kulia wote umelala. Umri karibu miaka 70. Alikuja na mkwewe, mke wa mwanawe, binti mwenye mtoto mgongoni. Siku nne binti akawa anaangalia huku na huku. Siku ya tano akaniita pembeni akaniambia pamba iko shambani imeshafunguka, mume yuko mgodini hajulikani anarudi lini, mbuzi wameachwa kwa watoto. Aliomba ruhusa kana kwamba mimi ndiye mwenye hospitali. Akaondoka. Mzee akabaki na mimi.

Mnajua hospitali zetu zinavyokwenda. Anayemuosha mgonjwa ni ndugu, anayemlisha ni ndugu, anayemgeuza ni ndugu. Sisi tunasema "ni utamaduni wetu, Mwafrika hamwachi mgonjwa wake." Tunajisifu kabisa. Lakini mfumo mzima umekaa juu ya bega la mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni, na siku pamba ikifunguka bega hilo linaondoka. Anayebaki ni mhudumu, naye yupo mmoja.

Asubuhi nilikuwa nikimsalimia, "Mwangaluka guku," naye anajibu kwa nusu ya mdomo. Ulimi ulikuwa mzito lakini akili ilikuwa timamu. Kidogo kidogo nikajua alikuwa mgambo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, na Novemba Mwalimu akatangaza vita, jeshi letu lilikuwa dogo. Likapanuka haraka, na sehemu kubwa ya waliolipanua ilikuwa mgambo kutoka vijijini, watu wa jembe na ng'ombe kama mzee huyu. Aliniambia alivuka Kyaka daraja likiwa limebomolewa. Alifika Kampala, iliyoangushwa Aprili 11, 1979. Kovu lake lilikuwa juu ya goti, na nilipokuwa namuosha hapo alikuwa akisema neno moja tu, "Masaka," halafu anafunga macho.

Baada ya vita mgambo wakarudishwa makwao. Nchi haikuwa na fedha, tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18, na mkanda huo wazazi wetu waliufunga miaka. Mzee akarudi Meatu kulima. Nilimuuliza kama kuna chochote alipata. Akanyanyua mkono wa kushoto, uliokuwa mzima, akaugeuza kiganja juu, chini. Basi.

Wamarekani wana mfumo wao wa hospitali za wapiganaji wastaafu, vituo vikubwa takriban 170, nchi nzima. Mtu akishavaa gwanda anajua uzeeni kuna mlango wake. Sisi hatuna kitu kama hicho. Tuna Lugalo, hospitali kuu ya jeshi, ipo Dar es Salaam, na kutoka Meatu hadi huko ni mbali mno. Sisemi tujenge hospitali ya maveterani Bariadi, fedha hiyo najua haipo, na wala siamini kwamba mzee wa mgambo anastahili kitanda bora kuliko mwanamke aliyelima pamba miaka hamsini akaijenga nchi kwa mgongo wake. Ninachosema ni kwamba hospitali ya maveterani wetu ndiyo hiihii ya wilaya, na wodi ya mashujaa ndiyo hiihii ya wanaume yenye vitanda vilivyobanana. Na mfanyakazi wa hospitali ya maveterani, yule wa ngazi ya kwanza kabisa, alikuwa mimi, bila mkataba.

Julai 25 mwaka ule wa 2017 nilikuwa zamu ya asubuhi. Mgonjwa mmoja alikuwa na redio ndogo ya betri, inarusha sherehe za Mashujaa moja kwa moja. Mimi nilikuwa namuosha mzee. Tarumbeta ikalia. Mzee akanishika mkono wa glavu, akasema kwa taabu nimgeuzie upande wa redio. Nikamgeuza. Nikaendelea kumfuta mgongo huku mtangazaji akieleza nani anaweka mkuki na nani anaweka shada. Hakulia, msitegemee nitawaambia alilia. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama chai ya asubuhi imebaki.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo sijawahi kumwambia mtu.

Mgonjwa aliyelala upande mmoja hawezi kujigeuza. Ukimwacha, uzito wake mwenyewe unabana nyama kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, nyama inakufa. Mwanzo ni wekundu tu, kwenye ngozi yetu nyeusi hata hauonekani vizuri, unaujua kwa joto ukigusa. Kisha lengelenge. Kisha shimo. Ndiyo maana tunafundishwa kumgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Haihitaji mashine wala dawa ya kutoka ng'ambo. Inahitaji mtu. Mtu aliye macho, mwenye mikono, asiyeitwa mahali pengine.

Wiki ya mwisho ya Julai nilipangiwa usiku, wodi mbili, mhudumu mmoja. Usiku wa tatu kulikuwa na ajali ya pikipiki, wakaletwa vijana wawili, nikawa wa machela. Mmoja akafariki saa nane, nikaenda mochwari na mlinzi. Niliporudi maji yalikuwa yanahitajika upande wa kina mama. Nilimgeuza mzee saa tatu usiku. Mara ya pili nilimgeuza saa kumi na mbili asubuhi. Hesabuni wenyewe. Hakuniita, kwa sababu alishaniona napita napita akaona asinisumbue. Hivyo ndivyo aliniambia asubuhi. Mgongoni, juu ya makalio, ngozi ilikuwa ya moto.

Muuguzi wa zamu hakunilaumu. Naye alikuwa peke yake na wagonjwa wasiohesabika, na yeye ana leseni ya kupoteza, mimi nilikuwa na nini? Tulijaribu. Kidonda cha kulalia kikishafunguka kwa mzee mwenye kiharusi, ni vita vingine. Mwishoni mwa Agosti mkwewe alirudi, pamba imeuzwa, akamchukua. Nilimfundisha binti yule kugeuza na kusafisha, akajifunza haraka kuliko mimi. Mwezi wa kumi na moja, watu wanapanda, nilikutana naye sokoni Bariadi. Mzee alikuwa ameshazikwa.

Naomba nisieleweke vibaya. Simlilii mzee tu, wala siandiki ili mniambie pole. Naandika kwa sababu nimechoka kusikia afya ikijadiliwa nchi hii kama orodha ya majengo na mashine. Kila ziara ya kiongozi ni jengo la ghorofa, kila hotuba ni CT scan. Vizuri, tunazihitaji, hata mzee wangu angefaidika na kipimo cha kichwa. Simiyu ilizaliwa 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, haikuwa na kitu, leo ina hospitali ya rufaa ya mkoa pale Nyaumata, na sensa ya 2022 imetuhesabu tumevuka milioni mbili. Najivunia. Lakini jengo halimgeuzi mtu saa nane za usiku.

Kuna mtu ataniambia, kazi yenyewe ni ya kufagia, utalipa mtu nini? Huyo ndiye hasa niliyemfungulia mdomo. Ndugu yangu, wewe una binamu Minnesota au Texas, au dada yako yuko Reading. Anabeba boksi. Na tukiacha utani wa boksi, unajua wengi wao wanafanya nini? Wanaosha wazee. Wanavaa glavu, wanageuza watu vitandani, wanabadilisha nepi za watu wazima. Hela hiyo ndiyo iliyoezeka nyumba ya mama yako bati la rangi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1987 inataka msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba za wazee apate mafunzo yasiyopungua saa 75 na kupimwa uwezo kwa mtihani. Saa 75, hazifiki hata wiki mbili kamili za kazi. Mhudumu wetu anasoma mwaka mzima! Uingereza walipofungua viza ya walezi Februari 2022 nilishuhudia vijana wenye digrii za uhasibu wakihangaika kutafuta cheti cha kulea wazee, hadi mlango ulipofungwa kwa waajiriwa wapya wa kutoka nje Julai 2025. Kazi ileile. Kule ni "niko kwenye sekta ya afya," hapa ni "mfagiaji wa hospitali." Kinyesi cha Mzungu kina hadhi gani ambacho cha mzee wa Meatu hakina?

Wengine watasema ni wito. Nimeisikia hiyo sana, kila Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, siku aliyozaliwa Florence Nightingale. Mishumaa inawashwa, sare nyeupe zimepigwa pasi, hotuba. Wahudumu wako wapi? Wanapanga viti. Mimi nimevipanga. Nightingale mwenyewe mnamsifu kwa taa, lakini alipofika kwenye hospitali ya askari kule Scutari mwaka 1854 alichopigania ni shuka safi, maji, chakula kinacholika na sakafu zilizosuguliwa. Yaani kazi za mhudumu. Leo taa tumempa muuguzi, ndoo tumemwachia mhudumu, na mshumaa hatumpi.

Na dharau hii haijaanza leo. Wakoloni wa Kiingereza walikuwa na madresa wao Tanganyika tangu miaka ya 1920, vijana wa Kiafrika waliofundishwa kidogo, wakawekwa vijijini kusafisha vidonda kwa gharama ndogo, ili madaktari wabaki mijini. Wazee wa kwetu bado wanamwita mtu wa zahanati "dresa." Tukapata Uhuru, na mwaka 2007 tukaanzisha MMAM, zahanati kila kijiji. Majengo yakainuka, wauguzi hawakutosha, na kwenye zahanati nyingi za vijijini aliyepokea mjamzito usiku akawa mhudumu wa afya. Kisheria hakutakiwa. Akifanikiwa, hakuna jina lake. Akikosea, tunafika sisi waandishi na kamera na kichwa cha habari cha "nesi mkatili." Ndiyo, na sisi tumo. Nimeandika habari za aina hiyo mwenyewe, mbili, na zote mbili sikuuliza zamu ilikuwa na watu wangapi.

Mnataka niseme nini kifanyike. Sina mpango mkakati wa kurasa tisini. Mtu akipangiwa zamu apewe mkataba na alipwe, hata kama ni wa miezi sita, hata kama ni kwa mapato ya ndani ya hospitali. Kama haiwezekani asipangiwe zamu, na mkurugenzi aje kuosha yeye. Usiku wodi isiwe na nusu mhudumu. Na mhudumu aliyekaa wodini miaka kumi apewe njia ya kupanda kuwa muuguzi. Leo akitaka anarudishwa kwenye ufaulu wake wa Kemia na Baiolojia wa kidato cha nne, kana kwamba miaka kumi ya kugusa miili ya watu si baiolojia. Mama yangu wa mchicha angefaulu mtihani wowote wa vitendo mtakaomwekea, na wengi wenye diploma wangefeli mbele yake.

Kabla sijarudi mjini nilipita wodi fulani kumwona jirani yetu aliyelazwa. Sare niliitambua kabla ya uso. Kijana, pengine miaka ishirini na mbili, anakunja shuka chafu hadi mgongoni kwa mgonjwa, anatandaza safi nusu. Vizuri kabisa, sijui nani alimfundisha. Nikamsaidia kumgeuza, akashangaa nimejulia wapi. Safari hii nikamwambia. Nilikuwa mhudumu, nikasema, kwa sauti, na watu wa vitanda vya jirani wakasikia. Akaniambia yeye anajitolea, mwaka wa tatu huu.

Nikamuuliza, usiku mko wangapi?

Akacheka. "Tuko? Kaka, niko."